Mtoto Asiyejibu Si Mjinga

Mazungumzo ya wiki, kama yalivyosomwa redioni

Wiki hii napenda tuzungumze juu ya mtoto wa miaka mitano ambaye mwalimu wake amemwuliza swali, naye amenyamaza.

Jambo lenyewe ni dogo, na hutokea kila asubuhi katika madarasa ya awali, yale ambayo wengi wetu bado tunayaita chekechea au vidudu. Mwalimu anauliza, "Hii ni nini?" Watoto kumi wanapaza sauti. Mmoja anatazama chini. Mwalimu anamrudia mara ya pili, mtoto hainui hata macho. Basi, mtoto huyo hupewa jina. Huitwa mzito. Huitwa bubu. Mwalimu mwenye ulimi mkali humwita mjinga mbele ya wenzake, nao hulichukua jina hilo wakaenda nalo uwanjani, na jioni limeshafika nyumbani.

Akishapewa jina, hupewa na mahali pa kukaa, napo ni nyuma. Akikaa nyuma haoni ubao vizuri, hasikii vizuri, wala haulizwi tena, kwa kuwa inajulikana kwamba hajibu. Mwisho wa mwaka wenzake wanazijua herufi, yeye hazijui. Hapo mwalimu husema, "Mnaona? Nilisema mimi." Kumbe mtoto hakuja shuleni na uzito huo. Alitwikwa pale pale darasani.

Ninalotaka kulisema leo ni hili: ubaguzi haungoji mtu awe mkubwa, atafute kazi au apige kura. Huanza katika darasa la watoto wadogo, katika mambo ambayo hakuna anayeyaandikia ripoti: nani anaitwa kwa jina lake, nani anakaa mbele, lugha ya nani inaeleweka, uji wa nani umemiminwa. Na kwa kuwa huanza huko, ni huko huko unakoweza kuzuiwa kwa gharama ndogo. Wahenga walisema, udongo upatilize ungali maji.

Tukisikia habari za ubaguzi shuleni, mawazo ya wengi wetu hurudi kwenye enzi za ukoloni. Si ajabu. Tanganyika chini ya Waingereza ilikuwa na shule za Wazungu, shule za Wahindi na shule za Waafrika, kila kundi na fungu lake la fedha, na kila mtu anajua fungu dogo lilikwenda wapi. Sheria ya elimu ya mwaka 1961, iliyoanza kutumika Januari 1962, ilifuta mgawanyo huo. Watoto wa rangi zote wakawa na haki ya kuingia mlango mmoja. Ilikuwa hatua kubwa, na waliokuwa hai wakati ule wanaikumbuka.

Lakini sheria huondoa bango lililo mlangoni. Yaliyo kichwani mwa mwalimu, mwa mzazi na mwa mtoto mwenyewe hayaondolewi kwa sheria peke yake. Ushahidi wa jambo hili, tena wenye kuhuzunisha, ulipatikana Marekani.

Huko, katika miaka ya 1940, mtu na mkewe, Kenneth Clark na Mamie Clark, wote wawili Wamarekani weusi na wataalamu wa saikolojia, waliwaonyesha watoto weusi 253 wanasesere wanne. Watoto hao walikuwa wa umri wa miaka mitatu hadi saba. Wanasesere walifanana kwa kila kitu isipokuwa rangi: wawili walikuwa weupe wenye nywele za manjano, na wawili wa rangi ya kahawia wenye nywele nyeusi. Kisha watoto waliambiwa, mmoja mmoja: nipe yule unayependa kucheza naye; nipe yule aliye mzuri; nipe yule anayeonekana mbaya.

Katika kila watoto 100, watoto 67 walichagua mwanasesere mweupe wa kucheza naye. Walipoombwa wamtoe anayeonekana mbaya, watoto 59 katika kila 100 walimtoa yule wa rangi ya kahawia. Halafu likaja ombi jingine: nipe yule anayefanana na wewe. Wako watoto waliolia kwa uchungu waliposikia hivyo, na wako waliotoka mbio chumbani.

Ndugu msikilizaji, tazama umri wao. Mtoto wa miaka minne hajasoma kitabu cha ubaguzi, na huenda hakuna aliyemkalisha chini akamfundisha kuidharau rangi yake. Alijifunza kwa macho. Aliona nani anaingilia mlango wa mbele na nani wa nyuma, picha za nani zimo vitabuni, nani akisema husikilizwa. Matokeo hayo yalikuwa miongoni mwa ushahidi uliotolewa katika kesi iliyoishtaki Bodi ya Elimu ya mji wa Topeka, na tarehe 17 Mei 1954 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kwamba kuwatenga watoto shuleni kwa sababu ya rangi ni kinyume cha katiba.

Sasa turudi nyumbani. Sisi hatuna shule za rangi. Lakini tukiingia katika darasa letu la awali tukawauliza watoto, kwa vitendo, nani mzuri na nani mbaya, watatuonyesha nani?

Nianze na jambo litakalotugusa sisi sote tunaosikilizana sasa hivi. Tunajivunia Kiswahili, na tuna haki ya kujivunia. Katika nchi yenye lugha zaidi ya 100, Kiswahili kimetuwezesha kuoana, kufanya biashara na kuzikana bila mkalimani. Lakini tumekizoea mno, hata tunasahau kwamba wako watoto wengi wanaofika darasani kwa mara ya kwanza bila ya kukijua. Mtoto wa kijiji cha ndani huko Usukumani, au Umaasaini, au chini ya mlima Hanang, ameishi miaka mitano katika lugha ya mama yake. Kwa lugha hiyo anajua kuhesabu, anajua kusimulia, anajua kutania na kuomba radhi. Anamjua ng'ombe kwa rangi yake, kwa pembe zake na kwa tabia yake. Kisha mwalimu aliyetoka mjini anamwonyesha picha ya ng'ombe na kumwuliza, "Hii ni nini?" Mtoto anajua habari za ng'ombe kuliko mwalimu. Analolikosa ni neno moja tu. Na kwa kulikosa neno hilo, anaandikwa mzito.

Wengine hukuta majina yanawasubiri mlangoni. Watoto wa Kibarabaig mara nyingi huitwa Wamang'ati, na wengi wetu hulitamka neno hilo bila kujua asili yake. Ni neno lililotoka kwa majirani zao Wamaasai, na maana yake ni adui. Hebu fikiri: mtoto wa miaka mitano anafika shuleni siku ya kwanza, naye anaitwa adui, tena na mwalimu asiyejua kwamba amesema hivyo. Tutamlaumuje akipenda kurudi kuchunga?

Yuko na mtoto mwenye ualbino. Yaliyowapata watu wenye ualbino katika nchi yetu kuanzia miaka ya 2000 tunayajua, na kuna watoto ambao ilibidi watenganishwe na wazazi wao wakalelewe katika vituo ili wasiuawe. Lakini yako na madhara yasiyotoka katika magazeti. Mtoto huyu, mara nyingi, haoni mbali, na mwanga mkali humuumiza macho. Ukimweka safu ya nyuma, ubao kwake ni kiza. Ukimweka mbele lakini akatazamana na dirisha lenye jua, hujamsaidia. Ukimpeleka mchakamchaka saa nne bila kofia, ngozi yake inaungua. Hapo tena akinyamaza anaambiwa hana akili, na wenzake wanaoogopa kumshika mkono hawaambiwi kitu.

Yuko na mashoto, anayepigwa mkono kwa sababu ameshika kalamu kwa mkono aliopewa na Mungu. Yuko msichana anayepewa ufagio wakati mvulana anapewa chaki. Na yuko mtoto wa maskini. Tangu Januari 2016 ada imefutwa katika shule za serikali, kuanzia darasa la awali, na hilo ni jambo la kushukuru. Lakini ziko shule ambazo uji hupikwa kwa michango ya wazazi, na mtoto ambaye mzazi wake hajachanga huambiwa akae kando huku wenzake wakinywa. Mtoto huyo hajui mchango ni nini. Anachojua ni kwamba yeye hakupewa. Somo hilo hulielewa upesi kuliko a, e, i, o, u.

Wala wa mjini wasidhani kwamba haya ni ya vijijini. Nenda katika baadhi ya shule za awali za kulipia, zinazofundisha kwa Kiingereza. Huko mtoto wa Kiswahili hupata yale yale ambayo mtoto wa Kisukuma au wa Kimaasai anayapata kwa Kiswahili. Akiomba maji kwa lugha ya nyumbani kwao anakaripiwa, na zipo shule zilizowahi kuwavisha watoto kibao shingoni kwa kosa la kusema lugha waliyozaliwa nayo. Mzazi analipa fedha nyingi ili mwanawe afundishwe kuionea haya lugha ya bibi yake. Tukilichukia jambo hili likitendwa juu ya Kiswahili, basi tusilitende kwa Kiswahili juu ya wengine.

Najua wapo watakaoniuliza: "Bwana mtangazaji, unataka kurudisha ukabila? Si Kiswahili ndicho kilichotuunganisha?" Swali hili ni la haki, na nalijibu hivi. Hakuna anayesema mtoto asijifunze Kiswahili. Anakihitaji, na kadiri anavyokipata mapema ndivyo inavyomfaa. Tunachozungumza ni njia ya kumfikisha. Mwalimu anayejua kusema "karibu", "kaa hapa" na "usiogope" katika lugha ya kijiji hajavunja umoja wa taifa. Amemwekea mtoto ngazi. Anayevunja umoja ni yule anayemfundisha mtoto kwamba Kiswahili ni lugha ya kumwaibisha, maana chuki ya namna hiyo hukaa rohoni miaka mingi.

Wako na watakaosema: "Mimi nawatendea watoto wote sawasawa." Husema hivyo kwa moyo safi. Lakini kuwatendea watu sawasawa na kuwatendea haki si kitu kimoja. Mama mwenye watoto watatu, mmoja akiwa na homa, hawapimii wote kijiko kimoja cha dawa. Hutoa dawa kwa anayeumwa, na wala wengine hawajadhulumiwa. Darasani ni hivyo hivyo. Mtoto asiyeona mbali kukaa mbele, mtoto asiyejua lugha kuelezwa mara mbili, mtoto mwenye mguu mbovu kukaa karibu na mlango, hayo si mapendeleo. Ni haki. Hata Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kumbagua mtoto kwa jinsia, kabila, lugha au ulemavu wake.

Je, juhudi hizi huzaa matunda, au ni maneno ya redioni tu? Iko mifano miwili inayohusiana, nayo imefuatiliwa kwa miaka mingi.

Wa kwanza ulianza mwaka 1962 katika mji wa Ypsilanti, jimbo la Michigan, Marekani. Walichukuliwa watoto 123 wa Kimarekani weusi, kutoka familia maskini, ambao wakubwa walitazamia washindwe shuleni. Kwa kura, 58 kati yao waliwekwa katika shule ya awali iliyo nzuri, ambamo mtoto alichagua kazi ya kufanya, akaifanya, kisha akaeleza alivyofanya, na mwalimu alimtembelea mama nyumbani kila wiki. Wale wengine 65 hawakuipata nafasi hiyo. Watafiti wakawafuata wote hadi walipofikisha umri wa miaka 40. Waliosoma shule ile ya awali walikuwa wamemaliza sekondari kwa wingi zaidi, walikuwa na kipato kikubwa zaidi, na waliokamatwa na polisi mara kwa mara miongoni mwao walikuwa wachache kuliko wenzao. Watoto waliokwisha kuandikwa kuwa wazito walionyesha kwamba uzito haukuwa wao.

Mfano wa pili ni wa pwani yetu wenyewe. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, viongozi wa Waislamu wa Pwani ya Kenya waliona kwamba watoto wao wanabaki nyuma katika shule za msingi. Watoto walikwenda chuoni kusoma Kurani, lakini walipoingia darasa la kwanza walikuta wenzao wamekwisha pita chekechea. Waliomba msaada kwa Aga Khan, na mwalimu mmoja wa Mombasa, Bi. Swafiya Said, akaifanya kazi ya kuunganisha madrasa na elimu ya awali. Shule ya kwanza ya namna hiyo ilifunguliwa Mombasa mwaka 1986. Mpango ukafika Zanzibar mwaka 1990, kisha Uganda, na shule zikapita 200. Njia ya kufundishia ilitokana na ile ya Ypsilanti, lakini ilivishwa nguo za hapa: akina mama wa mtaani wenyewe walifunzwa ualimu, kamati za wazazi zikasimamia, na vifaa vikawa vifuu, visoda, vijiti na makombe ya baharini. Mtoto aliimbiwa nyimbo za kwao, kwa lugha ya kwao, na watoto wa dini nyingine hawakufungiwa mlango. Utafiti uliotolewa mwaka 2008 ulionyesha kwamba watoto wa shule hizo waliendelea vizuri zaidi kuliko waliobaki nyumbani, na hata kuliko waliokuwa katika shule nyingine za awali zilizolinganishwa nazo.

Ndugu wasikilizaji, hao watu wa Pwani hawakusema watoto wao ni wajinga, wala hawakuwaambia waache dini yao na mila zao ndipo wakubaliwe shuleni. Waliichukua shule wakaileta pale mtoto alipokuwa.

Basi tufanye nini? Nitataja mambo machache, na mengi yake hayahitaji bajeti.

Kwa mwalimu: mwite kila mtoto kwa jina lake alilopewa na wazazi wake, ulitamke sawasawa. Badilisha mahali pa kukaa kila wiki, isipokuwa kwa wale wenye haja ya kuwa mbele. Mtoto asipojibu, kabla ya kumwandika mzito, jiulize mambo matatu: ananisikia? ananiona? anaielewa lugha yangu? Na kama huijui lugha ya kijiji, mwombe mama mmoja aje asubuhi mbili kwa wiki awasimulie watoto hadithi, nawe ukae nao usikilize.

Kwa mzazi: mtoto hatamki neno la dharau alilolizua mwenyewe. Amelisikia barazani, jikoni, au kwenye daladala ukiwa umempakata. Ukimcheka mtu kwa kabila lake au kwa kilema chake, jua kwamba kesho neno hilo litasemwa darasani kwa sauti nyembamba.

Kwa kamati za shule: hakuna mtoto anayestahili kuadhibiwa kwa umaskini wa baba yake. Mdaini mzazi, mwite mzazi, mpangie kazi ya kuchota maji au kukata kuni badala ya mchango. Lakini uji ukishapikwa, watoto wote wanywe.

Na kwa serikali: kiwango kilichowekwa ni mwalimu mmoja kwa watoto 25 wa darasa la awali. Sote tunajua yako madarasa yenye watoto mara tatu au mara nne ya hao, wamekaa sakafuni, na mwalimu mmoja. Mwalimu huyo, hata angekuwa na moyo wa malaika, atawajuaje wote? Shule shikizi zilizojengwa ili watoto wadogo wasitembee mbali ni hatua njema, na mwaka 2021 vyumba 3,000 vilipangwa kujengwa kwa ajili yake. Lakini chumba hakifundishi. Chumba kinataka mwalimu, na mwalimu wa watoto wadogo anataka mafunzo ya kazi hiyo. Mtindo wa kulifanya darasa la awali kuwa mahali pa kumpeleka mwalimu asiyetakikana kwingine hauna budi kukoma. Mwalimu bora wa shule ndiye anayestahili kupewa watoto wadogo kuliko wote.

Tunapenda kusema kwamba watoto ni taifa la kesho. Lakini mtoto yule anayetazama chini hana habari za kesho. Leo ameulizwa swali asilolielewa, na anangoja kuona mwalimu atafanya nini. Mwalimu akimcheka, atakuwa amejifunza jambo moja kuhusu nafsi yake. Akichuchumaa karibu naye akauliza tena, polepole, atakuwa amejifunza jingine. Yote mawili hukaa kichwani mpaka uzeeni.